Usinunue Ngurumo, Mdogo Wangu

"Dada, mume wangu ameona jiko la gesi la BTU 200,000 na anataka kuninunulia nipikie bia uani. Nikubali?"

Mdogo wangu huyu anaishi Ohio. Amepika bia mara nne kwenye jiko la ndani, na kila mara sufuria ya galoni 7 imekaa karibu saa mbili ndipo ikachemka. Mapazia yananuka shayiri. Mara ya mwisho togwa ilifurika ikaingia mpaka chini ya visahani vya jiko. (Naiita togwa kwa sababu sijapata neno bora kwa yale maji matamu ya kimea kabla hamira haijaingia.) Kwa hiyo kuhamia uani ni lazima, hapo shemeji yuko sahihi. Lakini jiko hilo, mpenzi, mwambie asante sana, halafu mwambie hapana. Najua zawadi ya mume haikataliwi. Basi ibadilishwe.

Na ninyi mnaoguna pembeni, "dada na pombe tena", tulieni kidogo. Kwetu Rombo kupika mbege ni kazi ya wanawake tangu enzi. Bibi yangu alichemsha ndizi mbivu kutwa nzima mpaka zikabadilika rangi, akaotesha ulezi akasaga kimea chake, akatia gamba la msesewe ili pombe iwe na uchungu wake, kama wapika bia wa huku wanavyotia hopsi. Hapa Marekani ilibidi sheria ya kuruhusu bia ya nyumbani itungwe. Rais Jimmy Carter aliitia saini Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi, na usiuze. Majimbo nayo yalijiamulia kwa wakati wao. Alabama na Mississippi yaliruhusu mwisho kabisa, mwaka 2013. Bibi asingeelewa kwa nini mwanamke aombe ruhusa ya kuchemsha chungu chake mwenyewe.

Ninachokikumbuka zaidi ni moto wake. Chungu kikianza kupanda povu hakupiga kelele wala hakukimbilia maji. Alivuta kuni mbili nje ya mafiga, povu likashuka, akaendelea na hadithi yake. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye jiko la gesi, na ndicho ambacho tangazo halisemi: likishawaka, linapunguzika kiasi gani?

Chukua kalamu tupige hesabu, maana namba ndizo zilizomteka shemeji. BTU moja ni joto la kupandisha pauni moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Galoni 7 zina pauni 58 hivi. Kutoka maji ya bomba ya digrii 60 mpaka kuchemka, 212, ni digrii 152. Zidisha: kama BTU 8,800. Jiko la nje hupoteza nusu ya joto lake hewani, mara nyingine zaidi, kwa hiyo weka mara mbili, 17,600. Jiko la kawaida la uani la BTU 55,000 kwa saa litakufikisha hapo kwa dakika 20, siku ya upepo nusu saa. Jiko lako la ndani pengine linatoa 10,000 au 12,000 kwa saa, na ndiyo maana umekuwa ukisubiri mpaka watoto wanarudi shule.

Sasa upande wa pili wa hesabu, ambao wauzaji hawaugusi. Togwa ikishachemka unaiacha ichemke dakika 60, na 90 kwa kimea cheupe cha pilsner. Katika saa moja hupotea kama galoni moja kwa mvuke. Kugeuza pauni moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula BTU 970, na galoni moja ni pauni 8 na kidogo. Jumla ni 8,000, na ukihesabu upotevu, 16,000. Yaani kwa saa nzima, sehemu kubwa ya siku yako ya kupika, unahitaji BTU 16,000 tu. Jiko la 55,000 litafanya kazi chini ya theluthi ya nguvu yake bila taabu. Lile la 200,000 litatakiwa lishuke chini ya moja ya kumi, na mengi ya aina hiyo hayawezi. Moto unapepesuka, unageuka njano, kaupepo kanauzima, na gesi inaendelea kutoka kimyakimya. Isitoshe, BTU za kwenye boksi zichukulie kama bei ya kwanza ya muuza vitenge Kariakoo: ni mahali pa kuanzia mazungumzo.

Najua ninachosema kwa sababu nilishanunua ngurumo. Jiko langu la kwanza hapa Minnesota nililichagua kwa namba. Lilikuwa la jeti moja: tundu moja katikati, gesi inatoka kama imetukanwa. Jumamosi saa moja asubuhi nikaliwasha, na jirani yangu, mzee wa watu, akatoka na nguo za kulalia kuangalia angani. Alidhani ni helikopta. Kelele ningevumilia. Kilichoniudhi ni kwamba moto wote uligonga sehemu moja ya sufuria, sukari ya kimea ikaganda pale katikati ikaungua, na bia yote ikawa na ladha ya ukoko. Ukoko wa wali ni mtamu, tunaugombea. Ukoko wa bia hata kaka zangu walishindwa kuumaliza.

Baada ya hapo nilinunua jiko la kichwa cha banjo, na ndilo ninalokushauri. Ni kichwa cha chuma cha kusubu, cha duara, kimejaa vitundu, na kina shingo ndefu inayovuta hewa. Ukikitazama kwa juu unaona kabisa kwa nini wanakiita banjo. Kinatandaza moto chini ya sufuria yote, hakipigi kelele nyingi, na kinakubali kushushwa mpaka moto uwe mdogo kama wa kupashia chai. Angalia upana tu. Banjo ya inchi 10 chini ya sufuria ya inchi 12 ikiwashwa kwa nguvu itapanda ubavuni, ichome vishikio, koki na kipimajoto. Hiyo inataka sufuria pana, inchi 14 au zaidi. Kwa sufuria nyembamba tafuta kichwa kidogo. Kuna pia vile vyenye jeti ndogondogo 20 na zaidi, kama vya majiko ya mikahawa ya Kichina; hivyo waachie wanaopika galoni 20 kwa mkupuo.

Kuna wadogo zangu watakaoniambia, dada, mbona kila Novemba, Wamarekani wakijiandaa kwa Sikukuu ya Shukrani, maduka yanajaa majiko ya kukaangia batamzinga, na sikukuu ikipita bei inashuka? Ni kweli, na wapika bia wengi wameanzia hapo. Sikukatazi. Ila mengi yana kifaa kinachozima moto kila dakika 15 usipokibonyeza, kwa sababu mafuta ya kukaangia yakisahaulika yanawaka. Kwa mafuta ni busara. Kwa togwa ya dakika 60 ni kero, na ole wako nikusikie umekikata kwa koleo. Tafuta jiko lisilo nacho. Sufuria ya aluminiamu inayokuja na seti, ya galoni 7 na nusu, haina sumu. Chemshia maji kwanza mpaka ndani iwe ya kijivu, halafu usiisugue kwa stili waya ukaing'arisha tena. Tatizo lake ni udogo. Bia ya galoni 5 huanza na galoni 6 na nusu au 7, na povu linataka chumba chake. Nunua ya galoni 10 ukiweza.

Kisha miguu. Sufuria yenye galoni 10 za togwa ni kilo 38 za kitu kinachounguza kuliko maji, kwa sababu sukari inanata kwenye ngozi. Majiko ya batamzinga mara nyingi yana miguu mitatu mirefu na myembamba. Mimi nataka minne, mifupi, iliyochomelewa na kutanuka. Kabla ya siku ya kupika weka sufuria ya maji baridi juu yake, ishike vishikio, itikise kama unamwamsha mtoto wa shule. Ikiyumba, rudisha dukani siku hiyohiyo.

Tuje kwenye regulata, na hapa nakuomba usikilize kwa masikio mawili. Regulata ya jiko la ndani, na ya jiko la kuchomea nyama hapa Marekani, hutoa msukumo mdogo sana, chini ya nusu pauni kwa inchi ya mraba. Majiko mengi ya uani yametengenezwa kwa pauni 10, 20 au 30. Tundu la gesi la jiko na regulata yake ni mtu na mkewe, wamepimwa pamoja. Ukiweka regulata ndogo, moto utakuwa wa kishumaa. Ukiweka kubwa kuliko alivyosema mtengenezaji "ili moto ukue", umetengeneza kitu ambacho hata yeye hakijui. Nunua jiko linalokuja na regulata yake ya kuzungushwa kwa kitasa na mpira uliofunikwa kwa waya wa chuma uliosukwa. Viungo vya shaba vyenye mdomo uliotanuka kama tarumbeta havitaki utepe wowote, vinabana vyenyewe. Viungo vya nyuzi za kawaida za bomba vinataka utepe wa njano wa gesi. Ule mweupe wa fundi bomba uache kwenye sinki.

Kuna jambo moja limewafanya watu kadhaa waniandikie kwa hasira: "Dada, jiko jipya halina nguvu, nimeuziwa bovu." Si bovu. Kiungo cha mtungi wa hapa kina kizuizi ndani yake. Kikihisi gesi imetoka kwa kasi kinadhani mpira umekatika, kinabana na kukuachia pumzi kidogo tu. Ukifungua mtungi kwa haraka huku kitasa cha jiko kiko wazi, umekiamsha. Funga jiko, funga mtungi, fungua kiungo, ngoja dakika moja, unganisha tena. Halafu fungua mtungi polepole, kama unafungua soda iliyotikiswa, ndipo ufungue jiko. Nusu ya regulata zinazorudishwa dukani, nina hakika moyoni, ni wazima waliozikwa.

Mahali pa kupikia. Nje maana yake nje. Karakana yenye mlango wazi si nje. Kibaraza chenye paa si nje. Roshani ya ghorofa ya tatu si nje, na kwenye majengo mengi ya kupanga kanuni za zimamoto zinakataza kabisa mtungi huo kukaa hapo. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo ikivuja haipandi ikaondoka. Inateremka, inajikusanya kwenye vyumba vya chini, inasubiri cheche. Angalau yenyewe imetiwa harufu ili uigundue. Moshi wa moto uliokosa hewa una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na watu wamelala usingizi wa moja kwa moja ndani ya karakana zao kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Ninyi wa Moshi na Nakuru mnaopika pilau ya shughuli kwa gesi, msidhani nawasema wengine. Gesi ya mitungi yetu ya nyumbani ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani ni nzito zaidi.

Weka jiko kwenye sakafu ya zege au udongo uliosawazishwa, si kwenye sakafu ya mbao, futi 10 kutoka ukutani na mbali na mapaa. Mtungi usimame wima, mbali kadiri mpira unavyofika, upande upepo unakotokea, na mpira usipite chini ya moto. Ukiweka kikinga upepo, kiwe cha upande mmoja au pande mbili, kisiuzingire moto na kurudisha joto kwenye mpira. Vaa viatu vya kufunika vidole. Nimeona mtu anapika galoni 10 na kandambili, nikaondoka kwenye ule uwanja kwa sababu sikutaka kuwa shahidi. Kanga ifunge vizuri kiunoni, na nguo za nailoni ziache ndani.

Siku ya kwanza usipike. Washa jiko tupu robo saa rangi ya kiwandani iungue, maana inanuka vibaya na inatoa moshi. Na kabla ya kuwasha, kila mara, si siku ya kwanza tu, paka viungo vyote maji ya sabuni ya vyombo. Kiungo kikipuliza mapovu, hakuna kupika. Kuwasha nako kuna adabu yake: kiberiti kirefu kwanza kwenye kichwa cha jiko, ndipo gesi, kidogo kidogo. Moto ukikataa, funga, subiri dakika tano gesi itawanyike, ujaribu tena. Usiwe unachungulia.

Moto ukiwaka, usome rangi. Wa bluu ni mzuri. Wa njano unaopaka masizi unalilia hewa. Fungua kile kisahani kwenye shingo ya jiko mpaka ubluu urudi. Ukiruka juu ya kichwa kama unataka kuondoka, hewa au msukumo umezidi. Kama jiko lilikuwa la bluu mwaka jana na mwaka huu ni la njano, chungulia ndani ya shingo kabla hujagusa kitu kingine. Buibui hupenda kujenga humo, na utando mdogo tu unatosha kuziba hewa na kurudisha moto nyuma kuelekea kwenye regulata. Mimi natumia brashi ya kuoshea chupa kila masika.

Nikija kwenye kupika kwenyewe sina mengi, unajua tayari. Kama unaloweka kimea ndani ya mfuko, zima moto kabisa mfuko ukiwa chini. Umeyeyuka wa watu wengi. Togwa ikikaribia kuchemka, mkono uwe kwenye kitasa na simu iwe ndani ya nyumba. Povu la kwanza linapanda ndani ya sekunde chache, na punje za kwanza za hopsi zinalichokoza lipande tena, kwa hiyo tia kidogo kidogo. Punguza moto kabla povu halijafika ukingoni. Usifunike. Mfuniko unaharakisha kufurika na unarudisha kwenye bia ile harufu ya mahindi ya kopo ambayo mvuke ulikuwa unaiondoa. Hapa ndipo utakapomshukuru dada kwa banjo, utakapozungusha kitasa robo na sufuria ikatulia.

Umeuliza pia kuhusu baridi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri za Selsiasi, kwa hiyo hata Januari ya hapa Minnesota inatoka. Butani huchemka karibu na sifuri, ingelala ndani ya mtungi kama maji. Lakini kadiri baridi inavyozidi msukumo unapungua, na gesi inapotoka inaupoza mtungi wenyewe, mpaka ubavu unafanya ukungu na barafu. Usishtuke, na usiupashe mtungi joto kwa moto wa aina yoyote. Tumia uliojaa, maana ulio karibu kuisha ndio unaochoka haraka. Ule mstari wa barafu nao unakusaidia: unaonyesha gesi imebaki mpaka wapi.

Kipimo cha uhakika zaidi ni mizani ya bafuni. Kwenye shingo ya mtungi pamegongwa herufi TW na namba, mara nyingi 17 hivi. Huo ni uzito wa mtungi mtupu kwa pauni. Mtungi wa pauni 20, ambao ni kilo 9, ukijazwa mbele yako utapima kama 37. Ule wa kubadilishana dukani mara nyingi hutiwa pauni 15 tu, kwa hiyo pima ukifika nyumbani ujue umenunua nini. Bia moja ya galoni 5 inakula pauni 2, siku ya upepo 3. Mizani ikisoma 20, utamaliza kwa kuomba Mungu. Uwe na mtungi wa pili.

Mimi sikuwa nao. Gesi iliniishia dakika ya 40, moto ukajikunyata mpaka ukazimika, mimi nimesimama na hopsi mkononi. Aliyeniokoa ni yule mzee wa helikopta, alikuja akivuta mtungi wa jiko lake la nyama kwenye kitoroli cha bustani. Baada ya wiki nne nilimpelekea chupa sita. Siku hizi nikikaa mwezi bila kupika, anabisha hodi kuuliza kama naumwa.